Refa na Ubao wa Waliofaulu

Kliniki ya Kinga,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi.
Jumapili, tarehe 16 Machi.

Mpendwa shemeji,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, wazima na wanaojidai wazima. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na mkeo na yule bwana mdogo ambaye katika picha mliyotuma tuliona mashavu tu. Kile kikohozi kimekwisha? Unalala vizuri? Chakula cha jioni unakula saa ngapi? Usicheke. Zamani maswali haya yalikuwa adabu ya kuanzia barua, lakini sasa ndiyo kazi yetu, na watu wanatulipa ili tuwaulize.

Sisi hatujambo. Goti langu linauma nikipanda ngazi na linanyamaza nikishuka. Dada yako anasema ni uvivu, na kwa kuwa daktari ni yeye, sina pa kukata rufaa. Wapwa zako wanarefuka. Yule mkubwa ameanza kuvaa viatu vya mama yake bila kuomba, na mdogo ameng'oka meno ya mbele akawa anatutemea mate kila akisema "sawasawa", neno ambalo ghafla amelipenda sana.

Habari zetu huwa unazipata kwa simu, na kwenye simu kila mtu wa nyumba hii husema hatujambo, hatujambo, mpaka salio linakatika. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu. Kuna jambo la baba yenu. Usishtuke: ninavyoandika yuko uani anabishana na redio. Lakini ili jambo lenyewe ulielewe, lazima nianzie kwenye kliniki, kwa sababu ulipoondoka ilikuwa bado ni mazungumzo ya mezani.

Unakumbuka mama yenu alivyotuacha. Aliletwa hospitali na kiharusi dada yako akiwa zamu, na katika kuulizwa maelezo ikabainika kwamba mama yule hakuwahi kupimwa presha hata mara moja maishani, ilhali binti yake alikuwa anawapima watu wa watu kutwa nzima. Wewe ulilia, mimi nililia, baba yenu alilia. Dada yako hakulia. Alikaa muda mrefu akienda kazini na kurudi kama mtu aliyetumwa, halafu siku moja tukiwa mezani akasema hospitali ni mahali ambapo watu hufika wamechelewa, na kwamba amechoka kuwapokea waliochelewa. Nilidhani ni uchovu tu. Kumbe barua ya kuacha kazi alikuwa ameshaipeleka.

Mpango wake ni huu. Bima hatupokei, kwa sababu bima hulipia ugonjwa, na yeye anataka kushughulika na mtu kabla ugonjwa haujampata. Mtu analipa ada yake mwenyewe kila mwezi, pesa mkononi, awe anaumwa au haumwi. Kwa ada hiyo anapimwa presha, sukari, uzito na kiuno, anaulizwa anavyoishi, na anafuatiliwa. Akikutwa na ugonjwa, anaandikiwa dawa au anaelekezwa pa kwenda. Dawa hatuuzi, na sindano hatuchomi.

Mkuu wake wa zamani pale hospitali, ambaye wafanyakazi wote humwita Bwana Mkubwa hata yeye mwenyewe akiwepo, alicheka mbele ya watu. Alimwambia, "Unakwenda kufungua duka la kuuza hewa." Dada yako alimjibu kwamba hewa ndicho kitu cha kwanza mgonjwa anachokosa. Waliagana hivyo, na baba yenu Refa alipoelezwa maneno hayo alikasirika kuliko binti yake. Tangu siku ile jina la Bwana Mkubwa likitajwa nyumbani, baba yenu alikuwa anaondoka sebuleni.

Mimi, kama unavyojua, shule yangu ilikuwa imepunguza walimu na ikaonekana dunia inaweza kujizungukia bila somo la jiografia. Kwa hiyo niliteuliwa pasipo usaili. Mimi ni mapokezi, usafi, fundi umeme, msemaji wa kliniki na mwenye funguo. Tulipanga vyumba viwili juu ya duka la rangi, kile cha mbele kilichokuwa saluni na cha nyuma chenye dirisha moja linalotazama mabati ya jirani. Kioo kirefu cha saluni hatukukitoa ukutani, maana kingetoka na ukuta, na mpaka leo wateja wetu wakingoja zamu hujitazama na kuvuta matumbo ndani. Harufu ya tapentaini inapanda kutoka chini kutwa, lakini imekuwa yetu, hatuisikii tena.

Mwenye duka la rangi, ambaye ndiye mwenye nyumba, watu wanamwita Mama Rangi. Ni mama mnene, mcheshi, mkono wazi, mtu wa kukupa brashi ukimwomba msumari. Alikuwa mteja wetu wa kwanza. Presha yake ilikuwa juu kweli, dada yako akamwandikia vidonge vya kumeza kila siku, akavimeza, akatulia.

Baada ya yeye, karibu hakuja mtu. Nilikuwa nafagia sakafu safi. Waliokuja kuulizia walirudi na malalamiko kwamba daktari huyu anauliza sana: umelala saa ngapi, chumvi unatia mara ngapi, baba yako alikufa na nini, unatembea au unapanda gari. Mzee mmoja alinivuta pembeni akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mkeo bado hajaijua kazi. Daktari anayejua anakutazama tu." Na mwingine, dereva wa lori la mchanga, alipanda ngazi kwa kishindo akiwa na miezi kadhaa ya ada mwilini.

"Daktari yupo?"

"Yupo," nikamwambia. "Unaumwa?"

"Siumwi! Ndiyo tatizo lenyewe. Nimelipa tangu mwaka uanze na sijaumwa hata mafua. Nataka changu."

Dada yako alitoka akamtazama. "Wewe ukifikisha mchanga wa mtu salama, anakudai nauli yake kwa sababu lori halikupinduka?"

Dereva alifikiri. Nilimwona anafikiri, kwa sababu alivua kofia. Mwishowe akasema, "Basi nipime hata kitu kimoja, nisitoke mikono mitupu." Yule bwana ndiye aliyetuletea wateja wetu wa kwanza kumi wa barabarani, akiwaeleza mfano wa lori kana kwamba ameutunga yeye.

Kidogo kidogo kazi ikasogea. Dada yako alikuwa anashuka na mashine yake kwenda kwa kinyozi, gereji, kwa mafundi cherehani, anapima bure na kuzungumza na watu wakiwa kazini kwao, akiwaacha na ahadi ya kuja. Mwenye kiwanda cha mikate akawalipia wafanyakazi wake wote. Tukaajiri nesi, binti mzuri wa kazi ila sauti yake ni tarumbeta. Akisoma kipimo chumba cha nyuma, watu wa mapokezi wanashangilia au wanaguna.

Sasa nije kwa Refa. Hata wewe mwanawe sidhani kama uliwahi kumwita vingine, na nadhani marehemu mama yenu peke yake ndiye aliyekuwa na jina lake halisi. Siku ya ufunguzi alipimwa, na presha ikawa juu. Si ya kutisha, lakini juu. Dada yako alimwelekeza kama anavyomwelekeza kila mtu: punguza chumvi, tembea, tuone, isiposhuka tutatumia vidonge. Refa akasema chumvi sawa, miguu anayo, lakini vidonge hapana, yeye si mgonjwa. Mwezi uliofuata akapimwa tena na kipimo kikawa kizuri kama cha kijana. Shemeji, dada yako alicheka. Alicheka kwa sauti mpaka ngazini kulisikika, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba. Refa alikuwa amekaa kitandani, shati limefunguliwa, anamtazama. Nilifurahi sana siku hiyo, na sikuona ajabu yoyote.

Hapo ndipo dada yako alipopata wazo la ubao. Aliona watu wanahitaji kutiwa moyo, akasema tuweke picha za wale walioshusha presha au sukari kwa chakula na mazoezi peke yake, bila dawa. Mama Rangi akatoa rangi ya kijani bure. Ubao nikaupigilia mimi, juu kabisa tukaandika kwa herufi kubwa WALIOFAULU, na katikati tukaweka picha ya Refa akiwa na fulana yake nyeusi ya uamuzi na filimbi shingoni.

Ubao ule ulituletea watu kuliko mdomo wa dereva. Kila mtu alitaka picha yake ibandikwe. Kinyozi alifaulu, waoka mikate watatu wakafaulu, mwalimu mkuu mmoja mstaafu akafaulu kwa tabasamu la harusi. Refa akawa anashinda mapokezi, hana mshahara wala cheo, anawaambia wageni kwamba chumvi ameipa kadi nyekundu. Tukapanga chumba cha tatu. Dada yako akaanza kusema habari za tawi la pili, na mimi nikaanza kusikia raha ya kuitwa meneja.

Dalili zilikuwepo, tulizicheka tu. Siku ya kupimwa watu walikuja wamevaa kama wanaokwenda kwenye usaili. Walivua mikanda, saa, viatu. Mmoja alibana pumzi mpaka nesi akampiga mgongoni. Mwanamke mmoja alimleta dada yake apimwe kwa niaba yake, kwa maelezo kwamba damu ni moja. Yule mwalimu mkuu aliniuliza, na hakuwa anatania, kama kipimo cha mwezi ule kitakuwa kigumu kuliko cha mwezi uliopita.

Halafu asubuhi moja tukasikia makopo yanaanguka chini. Nilidhani ni rafu imekatika. Dada yako alikuwa ameshafika mlangoni kabla sijaweka kalamu. Tulimkuta Mama Rangi amekaa sakafuni katikati ya makopo, rangi nyeupe inatambaa kuelekea barabarani, mdomo wake umevutwa upande mmoja na anajaribu kutuambia kitu ambacho ulimi ulikataa. Dereva wa mchanga alikuwa anapita. Tukampakia mama kwenye lori lake, dada yako akiwa amemshikilia kichwa mapajani, tukaenda hospitali ileile ambayo dada yako aliiacha.

Ashukuriwe Mungu, jioni ulimi ulirudi na mdomo ukanyooka. Walimlaza kwa uangalizi. Kesho yake tulikwenda kumwona, na dada yako akaketi ukingoni mwa kitanda akamuuliza kama vidonge alikuwa anameza.

"Nameza," Mama Rangi alisema. "Vikiisha nangoja vya mwezi mwingine."

"Vinaishaje kabla ya mwezi, mama? Nakuandikia vya kutosha."

"Si nawaazima watu wako? Wanapitia dukani kabla hawajapanda. Wanaogopa mtihani, maskini. Mwenye siku mbili nampa viwili, mwenye siku tatu nampa vitatu. Ningewanyima vipi, na wao ni watu wako?"

"Watu gani?"

Akawataja, na alikuwa na fahari ya mtu aliyesaidia. Kinyozi. Waoka mikate. Mwalimu mkuu. Wengine wa ubaoni, karibu nusu yao. "Na baba yako," akasema. "Yeye ndiye wa kwanza kabisa. Cha kwake nakiweka pembeni kabla sijagawa."

Dada yako alimfunika vizuri, akamshika mkono muda, tukaondoka. Tulipofika kliniki, ngazi zote zilikuwa na nyayo nyeupe za rangi, za watu waliokuwa wamepanda kutuuliza kulikoni, na nikaanza kuzisugua kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Nilikuwa ngazi ya juu, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo niliyasikia waliyoyasema. Refa alikuwa mapokezi peke yake, chini ya picha yake.

"Baba, vidonge vya Mama Rangi umevimeza tangu lini?"

Nilitegemea atakana, kwa sababu baba yenu alichezesha mpira miaka na miaka na hakuwahi kubadili uamuzi hata pale uwanja mzima ulipomwona amekosea.

"Tangu kipimo cha pili," akasema.

"Vidonge hivyohivyo ningekuandikia mimi. Ungevimeza kila siku, presha ikatulia. Wewe unameza siku tatu unaacha mwezi mzima. Unajua unaufanyia nini moyo wako?"

"Ungeniandikia, ningekuwa mgonjwa wako. Kisha watu wangesema nini? Baba yake mwenyewe amemshinda. Nani angepanda ngazi hizi?"

"Sikukuomba unitangazie kazi, baba."

"Ulicheka," Refa akasema. "Siku ile ulicheka. Nilikuwa nimemeza kimoja tu, cha kujaribu, kwa sababu niliogopa utakavyonuna kama ulivyonuna siku ya ufunguzi. Ukacheka. Sasa mwezi uliofuata ningekuja na nini?"

Shemeji, mimi si mtu wa machozi, unanijua. Niliweka brashi ndani ya ndoo na kukaa palepale ngazini, suruali ikalowa. Dada yako alilia, na nilimsikia akilia kwa kilio ambacho tulikingoja tangu siku tuliyomzika mama yenu. Refa alisimama mbele yake bila kujua aweke wapi mikono.

Ubao uliondolewa siku ileile. Dada yako aliwaita wote, akawaambia kilichotokea bila kumtaja mtu kwa jina, isipokuwa baba yake, maana alisema hawezi kumficha wa kwake kisha adai ukweli kwa wengine. Alisema kosa ni lake, kwamba ni yeye aliyewafanya wapimwe kama wanafunzi. Alitaka kila mtu aanze upya kwa kipimo kibaya, kama anacho, na asivue kitu.

Usidhani walimpigia makofi. Kinyozi alinuna. Mwalimu mkuu alidai picha yake. Mwenye kiwanda cha mikate alisema alikuwa analipia wafanyakazi wapone, na kama hawaponi basi hana haja, akawatoa wote. Mapokezi kukawa kweupe tena. Chumba cha tatu tulikirudisha kwa shingo upande, tawi la pili halitajwi, na nesi tulimwomba aje nusu siku, akakubali kwa sauti iliyosikika mpaka gereji. Kuna wiki dada yako alikaa na barua ya kuomba kazi kwa Bwana Mkubwa kwenye mkoba. Sikumwambia nimeiona, na yeye hakuniambia ipo.

Hakuipeleka. Alichokipeleka kwa Bwana Mkubwa ni baba yenu.

Alimwambia mezani, mbele yetu sote, kwa sauti ya kawaida kabisa ya kuomba chumvi, ambayo siku hizi hata hivyo haiombwi.

"Baba, mimi siwezi kukupima tena."

"Unanifukuza?"

"Nakupeleka kwa mtu usiyempenda. Mimi ukiniona nimenuna unaingiwa na huruma. Yeye hutajali akinuna."

Baba yenu alisukuma sahani. Alisema afadhali afe kuliko kumpelekea yule mtu mkono wake aufunge mpira wa kupimia. Dada yako akamjibu kwamba kufa ndiko kunakozungumzwa hapa mezani, asikufanye msemo. Hapo mtoto mdogo akasema "sawasawa", akatutemea mate.

Alikwenda. Mara ya kwanza nilimsindikiza. Bwana Mkubwa hakucheka, nadhani umri umemfundisha kitu, au pengine foleni tu. Alimpima, akaguna, akamwandikia vidonge vya kila siku na kumwambia arudi. Refa alikaa benchi la hospitali pamoja na watu wengine, akisukumwa na viwiko, hakuna aliyemjua kuwa ni nani. Njiani kurudi aliniambia yule jamaa mikono yake ni baridi.

Jambo lililonifanya nikuandikie lilitokea juzi. Ilikuwa siku yake ya kurudi kupimwa, akaenda hospitali peke yake. Kliniki kulikuwa na watu, si wengi: dereva wa mchanga, Mama Rangi aliyerudi kazini na ambaye sasa vidonge vyake havitoki mfukoni kwake, na waoka mikate wawili wanaojilipia wenyewe baada ya tajiri wao kukataa. Refa aliporudi akapanda ngazi polepole. Dada yako alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, na wote wawili wakatazamana. Nilijua anamngoja, maana mgonjwa wa kabla alikuwa ameshatoka na hakuita mwingine.

Baba yenu angeweza kusema chochote. Angesema "nzuri", na nani angemuuliza? Alivua kofia, akaikunja.

"Mia na sabini na nne," alisema, "kwa mia na mbili. Na viwili nilisahau kumeza, Jumatatu na Jumanne."

Sauti haikuwa kubwa lakini kila mtu aliisikia. Mama Rangi akaziba mdomo. Hicho ni kipimo kibaya, shemeji, nisikufiche, kibaya kuliko cha siku ya ufunguzi. Nilimwangalia dada yako nikitegemea ule uso wa siku ile, wa kukunja ndita na kuuma mdomo. Hakununa. Alisema, "Asante, baba." Kisha akamuuliza alikula nini jana, na alilala saa ngapi, na baba yenu akavuta kiti akaanza kujibu moja baada ya jingine, hata habari ya samaki wa chumvi aliyemla gereji akidhani hatutajua. Alipomaliza na kushuka uani, dada yako aliingia chumba cha nyuma, nikamfuata. Aliniambia, "Ni mara ya kwanza naijua presha ya baba yangu." Aliyasema kwa furaha, na mimi nikamshika.

Kwa hiyo nina ombi moja. Jumapili ijayo baba yenu atakupigia simu. Amekuwa akijizoeza, nimemsikia chooni. Anataka kukwambia mwenyewe, na amenikataza nisikwambie mapema, kwa hiyo barua hii hujaipokea. Usimwambie pole, na usimwambie yeye bado kijana. Akikutajia namba mbaya, mshukuru, halafu muulize amekula nini.

Msalimie sana mkeo, na umbusu yule wa mashavu kwa niaba ya wapwa zako. Shangazi yenu wa ng'ambo ya mto anakusalimu na kuuliza kama koti lilikutosha. Mama Rangi anakusalimu, ingawa hamjaonana bado. Dada yako hajui kwamba naandika, lakini najua angekusalimu, kisha angekuuliza kuhusu kile kikohozi. Mungu awalinde huko mliko, awaondolee baridi mifupani, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Akupendaye kama ndugu aliyezaliwa nawe,

Shemeji yako, mwenye funguo.